Somo: Shati la kuchomeka na shati la kuachia nje (someni KABLA ya kuuliza)

Kila zikikaribia harusi au Maulidi naletewa picha na swali lile lile: "Ami, hili nichomeke?" Nimechoka. Naandika mara moja.

1. Tazama pindo. La mviringo, lenye mikia mbele na nyuma, chomeka. Lililonyooka, acha nje.

2. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega.

3. Kifungo cha juu kabisa ni cha tai. Huna tai, kifungue.

4. Kukata shati la mkia ulivae nje, juu ya kikoi. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilinunua shati jeupe la pamba, siku hiyo hiyo nikalipeleka kwa fundi mtaa wa Langoni, hapa Lamu, likakatwa, likanikaa. Kulifua mara moja tu, likarudi, likawa fupi. Siku ya harusi tunapakua vyombo jahazini, nainua mikono kupokea sufuria, kitovu nje, na gatini wamejaa kina mama. Mpaka leo kuna anayeniita Kitovu.

Basi lifue na kulianika kabla ya fundi kuligusa. Lijaribu ukiwa umevaa kikoi, SI suruali, maana kunjo la kiunoni hutuna na kulipandisha shati. Pindo lishuke vidole vinne chini ya kunjo. Inua mikono yote miwili. Kunjo likionekana, fundi ashushe alama ya kukatia. Fundi akisema "nitakadiria", chukua shati lako urudi nyumbani.

MASWALI

Mwana wa Mkomani: Sijasoma lote. Langu lina mkia, niache nje?
— Hatua ya kwanza. Mstari mmoja tu, mwanangu.

Mwana wa Mkomani: Lakini wengi huacha nje.
— Na mimi nilitoa kitovu. Fanya utakavyo.

Msomi wa Shela: Shikamoo ami. Hiyo mikia ilitoka wapi hasa?
— Marahaba. Swali hilo! Zamani Ulaya shati lilikuwa vazi la ndani. Lilikuwa refu, na mikia ilipitishwa katikati ya mapaja badala ya chupi. Suruali ikaja juu yake. Urefu umepungua, umbo limebaki, na bado linasaidia shati lisichomoke ukikaa. Kinyume chake ni guayabera ya Kuba: pindo limenyooka, mara nyingi mifuko minne, huvaliwa nje hata kwenye shughuli za heshima.

Mzee Kijana: Na kaunda suti?
— Nje daima. Novemba 2023 spika aliipiga marufuku bungeni Nairobi, lakini hapa kwetu Mkunguni hakuna spika.

Mama wa Wanne: Kola za mume wangu zimekuwa manjano, natia klorini haziondoki.
— Dada, klorini juu ya jasho huzidisha umanjano. Sugua kwa sabuni ya mche, acha usiku kucha, suuza, uanike juani likiwa bado bichi.

Mama wa Wanne: Na kola ya kanzu, ile yenye darizi?
— Hiyo usisugue kwa brashi. Vidole tu, na pasi uipige upande wa ndani.