Somo: Mkataba wa kuhifadhi nyasi za ndege shambani, Kinangop

Kwa kuwa swali la jinsi mwenye shamba anavyoweza kufunga mkataba wa kumhifadhia ndege nyasi zake haliishi kuulizwa, ninalijibu hapa mara moja, na atakayeliuliza tena ataelekezwa hapa. Tunamzungumzia Macronyx sharpei, ndege mwenye kifua cha manjano ambaye haonekani popote duniani isipokuwa nyanda za juu za Kenya, na ambaye huku Kinangop huishi katika mashamba ya watu.

1. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Hati ikiwa bado ina jina la marehemu babu, malizeni mirathi kwanza.

2. Kubalianeni nyumbani.

3. Chora mipaka ya sehemu ya nyasi. Si lazima iwe shamba zima.

4. Andika masharti. Hapa ndipo mikataba huharibika. Wakili asiyemjua ndege huandika "ardhi isiguswe", naye mwenye shamba hutia sahihi akidhani amehifadhi, kumbe nyasi zisipoliwa hurefuka na kusongamana, na ndege huyu, anayetafuta wadudu kwenye nyasi fupi na kujenga kiota chini, ndani ya kishungi cha nyasi, huhama. Eleza wazi kwamba kondoo na ng'ombe wataendelea kulishwa humo, ila vishungi visifyekwe wala kung'olewa. Yanayokatazwa yatajwe moja moja: kulima, hata msimu mmoja wa viazi, na kupanda mikaratusi. Onyo: usikubali "matumizi endelevu" bila maelezo, kwani hata trekta litapita humo.

5. Sajili mkataba. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu makubaliano haya yawe ya miaka maalumu au ya daima. Yasiposajiliwa, atakayenunua shamba atadai hakuyajua.

MASWALI

— Kwa hiyo shamba linachukuliwa?
Soma tena. Hati inabaki kwa jina lako.

— Nipe mfano wa mkataba niunakili.
Sitoi. Shamba lako si la jirani.

— Mwalimu, nusu ekari nilikwisha kuilima. Nikiiacha, ndege watarudi?
Swali zuri, mama. Nyasi huota upesi. Vishungi ndivyo vinavyochelewa. Anza na sehemu ambayo haijaguswa na jembe, na hiyo nusu ekari uilishie kondoo kwa kiasi.

— Kondoo wenyewe wana faida gani kuliko viazi?
Fuga wa sufu. Hapa Kinangop, mjini Njabini, wapo wanaoisokota sufu na kufuma mazulia. Waulize bei kabla ya kununua kondoo.