Somo: Kufungua kambi ya karavani baada ya majira ya baridi, maji kwanza

Somo hili ni la wanaokwenda kufanya kazi ya msimu kwenye kambi za kaskazini mwa Marekani, na mifano yake ni ya Maine, kwa kuwa wenzetu wengi wako Portland na Lewiston. Kambi nyingi za huko hufungwa katikati ya Oktoba na kufunguliwa Mei, na kila mwenye kambi anataka nafasi zake zijae wikendi ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Mfanyakazi wa maandalizi hufika na karavani yake katikati ya Aprili, wakati usiku bado unaganda. Ana kama wiki nne kabla ya kambi kufunguliwa.

Kazi za kufagia majani, kupaka meza rangi na kusawazisha kokoto unaweza kuzibana zikaisha wiki ya mwisho. Maji hayabaniki. Mabomba yaliyokaa miezi sita chini ya barafu lazima yajazwe taratibu, yavuje, yatengenezwe, yaoshwe kwa klorini, kisha sampuli iende maabara. Ukianza na majani, maji yatakukuta wikendi ya wageni. Anza na maji.

Kabla ya kuwasha gari

Pata makubaliano kwa maandishi: saa ngapi kwa wiki ni za kulipia nafasi ya kuegesha, saa ngapi zinalipwa fedha, na kiasi gani kwa saa. Uliza nafasi yako itapata umeme wa ampea 30 au 50, maji yatafika lini, na nani analipia gesi. Uliza pia hali ya barabara. Aprili ardhi inayeyuka juu huku chini ikiwa bado barafu, maji hayana pa kwenda, na changarawe inageuka uji. Karavani nzito ivutwe alfajiri, juu pakiwa bado pameganda.

Kuishi kwenye karavani wakati kambi haina maji

Wiki mbili za kwanza utategemea tangi lako la ndani. Lisafishe kwanza: robo kikombe cha jiki isiyo na manukato (mililita 60) kwa kila galoni 15 za tangi (lita 57). Jaza, endesha pampu mpaka harufu ya jiki itoke kwenye kila koki, ya moto na ya baridi, acha saa nne au zaidi, mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Kabla ya hapo hakikisha valvu ya hita ya maji imerudishwa kutoka mkao wa baridi. Wengi huisahau, wakawasha hita ikiwa tupu, na koili ya umeme ikaungua ndani ya dakika chache.

Joto ni pale wengi wanapokosea. Hita ndogo ya umeme inapasha chumba, lakini mabomba na matangi ya chini ya sakafu hayapati kitu. Tanuru ya gesi ndiyo inayopuliza hewa ya moto huko chini, kama karavani yako imejengwa hivyo. Usiku ukishuka chini ya sifuri, tanuru ifanye kazi hata kama chumba kina joto la kutosha. Mtungi wa ratili 20 kwenye tanuru ya BTU 30,000 (kipimo cha joto inalotoa kwa saa) unatosha kama saa 14 za moto mfululizo, hivyo uwe na mitungi miwili na mmoja ukajazwe mapema. Jiko la kupikia lisitumike kupasha chumba hata siku moja. Kipima gesi ya sumu (kaboni monoksaidi) kiwe na betri mpya.

Bomba la maji taka: usiache koki ya tangi la choo wazi. Maji yatachuruzika, vigumu vitabaki, na utajenga mlima ndani ya tangi. Lifunge, subiri lijae robo tatu, limwage kwa mkupuo.

Kujaza mabomba ya kambi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba lililobaki na maji kidogo tu huwa limepasuka tangu Januari bila mtu kujua. Kazi yako ni kuzipata nyufa zote kabla ya mgeni.

Kwanza tembea mstari mzima bila maji, na ramani na kalamu mkononi. Msimu uliopita waliomwaga maji waliacha wazi koki za chini kabisa. Zifunge moja moja na kuzitia alama. Angalia viwiko (elbo), sehemu za bomba zinazotokeza juu ya ardhi, na valvu za mpira wa chuma (zenye tufe linalozunguka ndani). Valvu ya namna hii ikifungwa kabisa au kufunguliwa kabisa kabla ya baridi, maji hubaki yamenaswa kuzunguka ule mpira na mwili wa valvu hupasuka. Ufa wake mara nyingi ni mwembamba kama unywele, unapita pembeni. Upitishie ukucha ndipo utausikia.

Angalia presha ya tangi la pampu. Pampu ikiwekwa kuwaka kwa psi 40 (psi ni ratili kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) na kuzima kwa 60, hewa ndani ya tangi iwe psi 38, ikipimwa kwa kipima tairi tangi likiwa halina maji. Hewa ikiwa pungufu, pampu itawaka na kuzima kila dakika mpaka iungue.

Sasa jaza kitongoji kimoja tu cha kambi, vingine vyote vikiwa vimefungwa. Fungua koki ya mbali zaidi na ya juu zaidi ili hewa itoke. Valvu kuu ifungue kidogo sana, mpaka usikie maji yanapiga mluzi, basi uiache hapo. Ukiifungua yote, maji yanakimbia kwenye bomba tupu yakisukuma hewa mbele, hewa inabanwa, kisha maji yasiyobanwa yanagonga kiwiko cha mwisho kama nyundo. Viungo vya bomba vilivyovumilia baridi vinavunjika hapo.

Piga hesabu wakati unasubiri. Bomba la inchi 1 lenye urefu wa mita 100 linabeba kama lita 55 tu. Mita ya maji ikionyesha lita 200 zimeingia na koki ya mwisho bado inapumua hewa, usiendelee kusubiri. Funga, tembea, tafuta palipolowa.

Maji yakianza kutoka yatatema hewa, yatakuwa mekundu kwa kutu, kisha yatasafika. Funga koki kuanzia ya karibu kwenda ya mbali. Vua vichujio vidogo vya midomo ya koki kabla, la sivyo vitajaa mchanga. Kaa kwenye psi 20 hivi kwa nusu saa, uzunguke, ndipo upandishe hadi presha kamili. Mwishoni funga koki zote, funga valvu kuu, tazama geji kwa saa nzima. Sindano ikishuka, kuna tundu. Usitangaze kitongoji kimepona mpaka sindano isimame.

Kurekebisha bomba la plastiki: kata sehemu nzima yenye ufa na sentimita kadhaa kila upande, kausha kabisa, paka dawa ya zambarau (praima), paka gundi pande zote mbili, ingiza ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika. Bomba lenye unyevu haligandi na gundi. Muda wa kusubiri kabla ya kutia presha umeandikwa kwenye kopo kulingana na joto, na hapa pana mtego: gundi inayotosha kwa saa chache wakati wa joto huhitaji siku nzima au zaidi kwenye baridi ya Aprili. Ukiharakisha, kiungo kitachomoka usiku na pampu itafanya kazi mpaka asubuhi.

Mabafu, umeme, uwanja

Kwenye mabafu, mkunjo wa bomba chini ya kila sinki una antifrizi ya pinki (dawa ya kuzuia maji kuganda). Maji yakipita yataiondoa yenyewe. Hita kubwa ya maji ijazwe kwanza, koki ya moto iachwe wazi mpaka itoe maji bila kutema, ndipo umeme au gesi viwashwe.

Panya ni jambo la afya. Mavi yao yaweza kubeba virusi vya hanta, na kufagia yakiwa makavu kunarusha vumbi unalovuta. Fungua madirisha nusu saa na utoke. Vaa glavu, nyunyizia sehemu moja ya jiki kwa sehemu kumi za maji mpaka palowe, subiri dakika 5, futa kwa karatasi, tupa.

Visanduku vya umeme vya kila nafasi: zima sakiti breka kabla ya kufungua mlango, maana nyigu na panya hulala humo. Ukishasafisha, washa tena. Kwa kipima volti, soketi ya ampea 30 isome karibu volti 120 (kati ya 114 na 126), ya ampea 50 isome 240 kati ya nyaya mbili za moto na 120 kila moja kwa nyutro (waya wa kurudisha umeme). Upande mmoja ukisoma juu na mwingine chini, nyutro imelegea. Zima, weka alama, muite fundi umeme mwenye leseni. Hitilafu hiyo yaweza kuunguza vifaa vya mgeni kwa muda mfupi. Bonyeza kitufe cha kujaribu kwenye kila soketi ya usalama.

Uwanjani tazama juu kabla ya chini: matawi yaliyovunjika na kuning'inia yashushwe kabla ya mtu kufagia chini yake. Suruali iingie ndani ya soksi, na ujikague kupe kila jioni; ugonjwa wa Lyme upo sana Maine.

Klorini na sampuli

Tangu 1 Aprili 2016 kanuni ya shirikisho inazitaka kambi zenye mfumo wao wa maji unaofungwa kwa msimu kufuata utaratibu wa kufungua ulioidhinishwa na jimbo, na kuthibitisha hivyo kabla ya kumpa mgeni maji. Inahusu mifumo inayohudumia watu 25 au zaidi kwa angalau siku 60 za mwaka. Mwenye dhamana ya maji ndiye anayepima dozi. Wewe utafungua koki mpaka harufu ya klorini ifike kila mwisho wa bomba, kisha mtasuuza mabomba mpaka iishe. Maji hayo ya klorini yasimwagwe kwenye shimo la maji taka wala ziwani.

Maswali ya wanachama

*Mama Neema, Lewiston:* Mwalimu, nina hita mbili za umeme kwenye nafasi ya ampea 30. Nikiwasha maikrowevu tu, kunazima. Karavani ina tatizo?

Haina, mama. Hita ya wati 1,500 inakula ampea 12.5. Mbili ni 25, zimebaki 5, na maikrowevu peke yake inataka zaidi ya hizo. Tumia hita moja, kazi nyingine iachie tanuru ya gesi. Na plagi ikiwa moto ukiigusa, badilisha kabla haijayeyuka, hata kama breka haijakatika.

*Kamau:* Mfereji wa kusimama, ule usioganda, nikifunga unaendelea kutiririka. Mwingine hautiririki lakini chini kumelowa siku nzima. Ni shida moja?

Ni mbili, kaka. Valvu ya mfereji huo iko chini kabisa, chini ya kina cha barafu, na ukifunga, maji yaliyobaki kwenye nguzo hutokea kwenye tundu dogo la chini na kuingia kwenye kokoto. Unaotiririka una mpira wa kuzibia uliokatwa na mchanga. Unavutwa kwa juu pamoja na fimbo yake bila kuchimba. Kwa ule wa pili, kwanza hakikisha mkono umeinuliwa mpaka mwisho. Ukifunguliwa nusu, maji hutoka juu na pia kwenye tundu la chini. Ikiwa umefunguliwa kikamilifu na bado panalowa, nguzo imepasuka, na mara nyingi sababu ni mpira wa bustani ulioachwa umefungwa Oktoba: maji yalishindwa kushuka, yakaganda humo. Huo utachimbwa.

*Baraka:* Kabla ya kuchimba napiga 811, simu ya kuonyeshwa nyaya na mabomba yaliyofukiwa, na wanaweka vibendera. Inatosha?

Piga, ni bure na ni lazima, na usubiri siku walizotaja. Bluu ni maji ya kunywa, nyekundu umeme, njano gesi, kijani maji taka. Lakini wao wanaonyesha nyaya na mabomba ya makampuni mpaka kwenye mita. Yale ya kambi yenyewe, kati ya mita na visanduku, hayamo. Hayo tafuta kwenye ramani ya mwenye kambi, au kodi kifaa cha kufuatilia nyaya, kisha nusu mita ya mwisho chimba kwa mkono.

*Dada Aziza:* Sampuli imerudi na kolifomu, wale bakteria wanaoashiria maji huenda yamechafuka. Tulichota vizuri. Tunafungua Ijumaa, tufanyeje?

Msimpe mtu maji ya kunywa, na mwenye dhamana ya maji aongee na ofisi ya jimbo leo hii. Wao ndio wanaosema sampuli za kurudia zichotwe wapi. Wakati huo angalieni mlivyochota. Koki iwe ya ndani, isiyo na mpira wala kichujio, ifutwe kwa jiki, maji yaachwe yatiririke dakika 5. Chupa ya mililita 100 ina unga au matone kidogo ndani; ni dawa ya kuzima klorini, isisuuzwe. Kifuniko kisishikwe ndani wala kuwekwa mezani. Iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 30, kwa hiyo msichote Ijumaa jioni. Kama mlifanya hayo yote, rudieni klorini, na mwisho wa kila tawi la bomba ufunguliwe, hasa yale ambayo hakuna anayeyatumia.