Jinsi ya kupima kama mche wa mpapai unahimili virusi vya madoa pete

Mwaka 1998 wakulima wa Puna, Hawaii, walianza kupanda Rainbow, mpapai uliobadilishwa vinasaba kwa kuingiziwa jeni ya ganda la kirusi chenyewe cha madoa pete, ugonjwa uliokuwa ukiharibu mipapai yao. Uliokoa mashamba yao. Lakini mpapai huohuo ukipakwa virusi vya madoa pete kutoka nchi nyingine, mara nyingi huugua. Kwa hiyo, kabla hujagusa mche, shika hili: pima kwa virusi vya shamba utakalopanda.

Hapa Mbeya nawafundisha vijana kwa miche ya kawaida. Hatua ni zilezile, ila mpapai uliobadilishwa vinasaba hauingii kitaluni bila kibali cha serikali.

Hatua ya 1: Miche. Otesha kwenye viriba, ndani ya nyumba ya wavu ambao vidukari, wadudu wadogo wanaoeneza virusi hivi, hawapenyi. Weka aina unayoipima na aina unayojua huugua, miche 20 kila moja, na kila aina iwe na mingine michache ya kupakwa bafa tupu (maji yenye chumvi za kutunza pH, bila virusi) kwa kulinganisha. Subiri majani manne hadi sita. Uyole mwezi Juni na Julai baridi hudumaza mpapai, usijue kilichoudumaza ni kirusi au hali ya hewa. Anza Septemba, au shuka Kyela kwenye joto.

Hatua ya 2: Virusi. Chuma jani changa lenye batobato (mabaka ya kijani na manjano). Peleka kipande maabara kwanza, maana Afrika Mashariki kuna virusi vingine vinavyoacha dalili kama hizo kwenye mpapai.

Hatua ya 3: Kupaka. Twanga gramu 1 ya jani kwenye mililita 10 za bafa ya fosfeti iliyopoa, pH 7. Nyunyizia majani ya mche unga laini wa kaborandamu, kisha sugua taratibu kwa kidole chenye utomvu ule. Unga hukwaruza ngozi ya jani na kirusi hupata mlango. Ukisugua kwa nguvu unaua jani na kirusi hakina pa kuishi. Suuza kwa maji. Rudia baada ya wiki moja.

Anza na miche ya bafa tupu, ya virusi iwe ya mwisho. Niliwahi kugeuza mpangilio huo, miche ya bafa ikaugua, na kazi ya miezi miwili ikatupwa.

Hatua ya 4: Kusoma. Kagua kila siku kwa wiki nne. Kama aina inayojulikana kuugua haikuugua, upakaji ulishindikana. Usiseme kwamba aina yako imehimili.

Hatua ya 5: Usiamini jani safi. Mche unaweza kubeba virusi bila dalili, kwa hiyo pima kwa elaiza, kipimo cha maabara kinachotafuta protini ya ganda la kirusi. Kwa mpapai wenye jeni ya ganda kuna mtego: mche wenyewe unaweza kutengeneza protini ileile ambayo elaiza inaitafuta, ukaonekana mgonjwa ilhali ni mzima. Huo upime kwa PCR, kipimo cha vinasaba, inayotafuta sehemu nyingine ya kirusi. Kisha twanga jani la mche unaoupima, upake mche wa aina inayougua. Mche huo uliopakwa nao ukibaki mzima, mche wako uko tayari kwenda shambani Kyela, katikati ya mipapai yenye ugonjwa, vidukari waujaribu wenyewe. Uache huko hadi uzae, kwa sababu pete zenyewe huonekana kwenye ganda la tunda.