Picha za ukoo zikae nyumbani: Immich kwenye laptopu ya mtumba

Tangu Juni 2021 Google Photos ilipoacha kuhifadhi picha bila kikomo, kila akaunti ina GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa kati ya picha, barua pepe na Drive. Mwenye simu ya kamera nzuri huzimaliza upesi. Baada ya hapo ni kulipa kila mwezi kwa kadi, na kuchoma bando kupandisha video ya sherehe hadi bara jingine ili mama aliye chumba cha pili aitazame. Kwetu Tanga nimeamua picha za ukoo zikae kwenye diski ninayoweza kuishika. Simu ikiwa kwenye waifai ya nyumbani, picha inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye seva, yaani kompyuta ya nyumbani inayotunza picha kwa kutumia programu iitwayo Immich. Bando haliguswi hata kidogo.

Seva yenyewe ni laptopu ya mtumba. Ikiwa kioo kimepasuka au kibodi imechoka, si neno, ilimradi ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na SSD, diski ya kasi, ndani. Kwa hapa kwetu naiona bora kuliko vile vikompyuta vidogo visivyo na betri: umeme ukikatika, laptopu inaendelea, na hifadhidata haikatizwi katikati ya kuandika. Kwa sababu hiyo hiyo nunua diski ya nje ile ndogo inayopata umeme kupitia USB, si ile kubwa yenye adapta yake ya ukutani. Hiyo kubwa itazimika papo hapo umeme ukienda, na laptopu itabaki hai bila diski. TB 2 zinatosha kuanzia. Laptopu ikitulia na kioo kimezimwa hula kama wati 10, yaani uniti 7 hivi za LUKU kwa mwezi. Kama ni ThinkPad, tumia programu ya TLP kuweka kikomo cha chaji asilimia 80, maana betri inayokaa kwenye chaji usiku na mchana huchakaa haraka na inaweza kuvimba.

Weka Debian au Ubuntu Server, mifumo ya Linux. Ili laptopu isilale ukifunga mfuniko, fungua /etc/systemd/logind.conf, andika HandleLidSwitch=ignore, kisha iwashe upya. Diski ya nje iumbize kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, na uiandike kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya diski, kwa UUID yake (namba yake ya utambulisho), ipachikwe /mnt/picha. Usitumie jina kama /dev/sdb1, kwa kuwa hilo linaweza kubadilika ukichomeka kitu kingine. Kwenye ruta, ipe laptopu anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.20.

Programu ninayoitumia ni Immich. Ni huria, ina programu ya Android na iPhone, inatambua sura za watu, na kazi hiyo yote inafanyika humo humo kwenye laptopu. Ukishasakinisha Docker, chombo kinachoendesha programu kama vifurushi vilivyo tayari:

mkdir immich-app && cd immich-app
wget -O docker-compose.yml https://github.com/immich-app/immich/releases/latest/download/docker-compose.yml
wget -O .env https://github.com/immich-app/immich/releases/latest/download/example.env

Fungua faili la .env. UPLOAD_LOCATION iwe /mnt/picha. DB_DATA_LOCATION iache ilivyo, ibaki kwenye SSD ya ndani, kwa sababu hifadhidata kwenye diski ya USB hukwama. DB_PASSWORD ibadilishe, utumie herufi na tarakimu tupu. TZ iwe Africa/Dar_es_Salaam. Halafu:

docker compose up -d

Kwenye kivinjari nenda http://192.168.1.20:2283. Anayejisajili wa kwanza ndiye msimamizi, kwa hiyo jisajili wewe kabla ya kumwonyesha mtu, kisha mfungulie kila mwanafamilia akaunti yake. Kabla hujapandisha picha hata moja, washa kiolezo cha hifadhi (Storage Template) kwenye mipangilio ya msimamizi. Hapo picha zitapangwa kwenye folda za mwaka, na hata Immich ikitoweka kesho utabaki na mafaili ya kawaida yanayosomeka popote.

Kwenye simu ya mama chagua albamu ya kamera peke yake. Ya WhatsApp iache, la sivyo diski itajaa kadi za “asubuhi njema”. Kisha ingia kwenye mipangilio ya betri ya Android uiruhusu Immich ifanye kazi bila kubanwa. Hili ndilo watu husahau: simu nyingi huua programu zinazofanya kazi chinichini, na mtu anakaa akidhani picha zinapanda.

Mdogo wangu yuko Muscat, Oman, naye anataka kuona. Usifungue milango (ports) ya ruta kwa ajili hiyo. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti, kwenye laptopu na kwenye simu yake, naye atumie anwani inayoanza na 100. Inafanya kazi hata pale kampuni ya simu inapowapa wateja wengi anwani moja ya pamoja.

Sasa sehemu ninayoomba usiiruke. Seva moja si akiba. Mwizi, moto au maji vinachukua vyote kwa mkupuo. Nunua diski ya pili, ifunge kwa LUKS (usimbaji wa Linux unaodai nywila), ipachike /mnt/akiba, na kila mwisho wa mwezi nakili picha kwa rsync:

rsync -a /mnt/picha/ /mnt/akiba/

Sijaweka --delete, inayofuta kwenye nakala kilichofutwa kwenye asili, kwa makusudi: mtoto akifuta picha, nakala ibaki. Immich hujitolea nakala ya hifadhidata kila usiku kwenye folda ya backups, nayo inabebwa humo humo. Diski hii isikae nyumbani. Yangu iko kwa shangazi Muheza, na nywila yake imeandikwa kwenye karatasi aliyonayo mtu mwingine. Kila inapokuja, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, fungua picha chache za miaka tofauti na video moja mpaka mwisho. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

Kabla ya kusasisha soma maelezo ya toleo jipya, kisha docker compose pull && docker compose up -d. Na mara moja moja endesha sudo smartctl -a kwenye diski, upime afya yake. Ukiona Reallocated_Sector_Ct (idadi ya sehemu za diski zilizoharibika) inapanda, nunua diski nyingine wiki hiyo hiyo.