Somo: Kunyoa nywele za mwili bila kuachiwa vipele

Mtu akitokwa na vipele baada ya kunyoa, wa kwanza kulaumiwa ni wembe, wa pili ni sabuni. Mara nyingi kosa liko kwenye uchu wa kutaka ngozi iteleze kabisa: anakandamiza, anarudia palepale, ananyoa kinyume. Unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi, hasa wa kipilipili, ukianza kuota hujikunja na kuchoma ngozi kwa ndani. Hapo ndipo panapovimba na kuwasha.

Hatua ya 1: Punguza. Nywele ndefu zikate kwanza kwa mkasi mdogo au mashine. Wembe ukijaa nywele hauukati unywele, unaung'ang'ania.

Hatua ya 2: Lowesha. Kaa kwenye maji ya uvuguvugu, au weka taulo lililoloweshwa, dakika 3 hadi 5. Unywele mkavu ni mgumu. Ukishanywa maji hulainika na wembe hupita bila nguvu. Kwa hiyo nyoa mwishoni mwa kuoga. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na haina gharama yoyote.

Hatua ya 3: Paka jeli au krimu ya kunyolea isiyo na manukato, uiache dakika moja au mbili. Kama huna, kondishena ya nywele ni afadhali kuliko sabuni ya kipande, inayokausha ngozi.

Hatua ya 4: Nyoa. Papasa kwanza ujue nywele zimelalia wapi. Za miguuni kwa kawaida huelekea chini. Za kwapani zina fujo: nyingine juu, nyingine chini, nyingine pembeni, kwa hiyo kwapa halinyolewi kwa upande mmoja tu. Fuata zinakolalia, kidogo kidogo, mkono ukiwa mwepesi, na suuza wembe kila ukipitisha mara moja au mbili. Usiivute ngozi kwa nguvu, kwani ukiiachia, ncha za nywele hurudi ndani. Kwapani kuinua mkono kunatosha. Gotini, kunja mguu kidogo. Umeona pamebaki? Paka krimu tena ndipo urudie. Nyembe zenye makali manne au matano hunyoa chini mno, kwa hiyo mwenye nywele za kipilipili atumie wenye makali moja au mawili.

Hatua ya 5: Suuza kwa maji ya baridi, kausha kwa kugusagusa na taulo, si kusugua, kisha paka losheni isiyo na spiriti wala manukato. Deodoranti isubiri kesho. Siku hiyo vaa nguo isiyobana.

Wembe wenyewe ukung'ute maji na uuweke pakavu. Ubadilishe baada ya kunyolea mara 5 hadi 7, au mapema zaidi ukianza kuvuta.

MASWALI

Swali: Nikinyoa kinenani, siku mbili hazipiti nawashwa mpaka naona aibu mbele za watu. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Weka wembe pembeni mpaka vipele viishe. Kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, usitumbue wala kuchokoa kwa sindano. Krimu za steroidi (dawa za kupaka za kutuliza uvimbe na muwasho) usijipakie kwa kujiamulia, maana hukondesha ngozi, na ya hapo ni nyembamba tayari. Ukipona, tumia mashine inayobakiza nywele kidogo. Binafsi sioni sababu ya kunyoa kinena mpaka chini kabisa. Ukiona jipu, homa au wekundu unaosambaa, nenda hospitali.

Swali: Eti ukinyoa zinarudi nene?

Jibu: Hapana. Wembe haufiki kwenye mzizi. Unywele ambao haujakatwa una ncha nyembamba. Uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana ukiushika unakwaruza.

Swali: Mimi na mume wangu tunatumia wembe mmoja. Kuna shida gani, si mwili mmoja?

Jibu: Dada, kila mmoja awe na wake. Wembe hukwangua ngozi na kubeba damu hata usiyoiona, na homa ya ini B na C huweza kupita hapo. Bado hujahesabu bakteria wanaoleta majipu.

Swali: Na krimu za kuondoa nywele je?

Jibu: Zinafaa kwa baadhi ya watu, kwa sababu huuyeyusha unywele bila kuuachia ncha kali. Lakini ni kemikali na zinaweza kuunguza. Jaribu sehemu ndogo, subiri saa 24, na usizidishe dakika zilizoandikwa. Si zote zinazoruhusiwa sehemu za siri, kwa hiyo soma pakiti kabla ya kufungua. Na usiipake siku uliyonyoa kwa wembe.