Ukishuka Curaçao: namna ya kulipanda daraja linalotembea

Vijana wa Mombasa mnaofanya kazi kwenye meli za kitalii, ruti yenu ikipita Karibi kuna siku mtafunga Willemstad, mji mkuu wa Curaçao, na pale kuna daraja la miguu linaitwa Queen Emma. Watalii wengi wanalipiga picha wanaenda zao, lakini sisi tuliokulia kwenye foleni ya feri ya Likoni tunaweza kulifaidi zaidi.

Kwanza jua uko upande gani. Mji umekatwa na mkono wa bahari, Otrobanda huku na Punda kule. Meli za kitalii hufunga Otrobanda, na yale majumba ya rangirangi unayoyaona kwenye picha yako Punda. Katikati ndo daraja, urefu mita 167, mbao juu na vyombo vya kuelea chini, liko hapo tangu 1888. Magari yaliondolewa 1974 lilipofunguliwa lile refu la juu la Queen Juliana, sasa ni la waenda kwa miguu tu.

Kufunguka kwake si kama lile daraja letu la kuelea la Liwatoni, Mombasa, lile lilikuwa linaachia kipande cha katikati meli ipite. Hili limeshikwa na bawaba upande wa Otrobanda, na kwenye ncha ya Punda kuna kijumba cha mwendeshaji na injini mbili za dizeli zenye propela, akiziwasha daraja zima linazunguka kama mlango mpaka linalala sambamba na gati.

Usiulize saa ngapi, linafunguka meli ikija basi. Ukisikia kengele ushaingia juu, usikimbie kutoka! Geti zinafungwa, na nyinyi mliomo ndani mnaruhusiwa kubaki, kwa hiyo sogea ncha ya Punda karibu na kile kijumba, manake ndo inayokwenda mbali, ukisimama kwenye bawaba utahisi kama hujaondoka mahali. Chungulia chini uone maji yanavyochafuka kwenye propela, alafu inua macho, Punda inakuacha taratibu na wewe umesimama tu umeshika reli.

Ila angalia bendera. Ya rangi ya machungwa ni subira fupi, ya buluu ni ndefu, na hapo ndo penye kazi kwa mtu mwenye saa ya kuripoti melini. Ukiwa Punda ukaona buluu usijipe moyo eti litarudi sasa hivi, nenda moja kwa moja kwenye feri yao, wanaiita ponchi, hufanya kazi daraja likiwa limefunguka na ni bure kama yetu.

Zamani kuvuka daraja kulikuwa kwa kulipia, mwenye viatu analipa, wa miguu mitupu anapita bure, malipo hayo yakafutwa 1934. Wenyewe wanasimulia kwamba maskini waliazima viatu wasidharauliwe na matajiri wakavua vyao kukwepa senti mbili, na mimi naamini kabisa, binadamu ni walewale.

Ukipata ruhusa ya usiku rudi tena, matao ya juu yanawashwa taa, na kwa picha simama Otrobanda uelekeze simu Punda. Mchana beba maji na kofia, kule juu jua halina huruma na daraja likishafunguka huna pa kwenda.