Mtafuteni mwanafunzi asiyejulikana na mtu mzima yeyote shuleni

Bandikeni majina ya wanafunzi wote ukutani katika chumba cha walimu, siku ambayo wanafunzi hawapo. Kila mtu mzima wa shule, akiwemo mpishi, mlinzi na mkutubi, aweke alama kwenye jina la mwanafunzi ambaye anajua jambo lake lisilohusu maksi wala nidhamu: anaishi na nani, anapenda nini, nini kinamtia hofu. Majina yatakayobaki bila alama ndiyo kazi yenyewe. Mara nyingi si watukutu, maana hao wanajulikana na kila mtu. Ni wale wapole wasiomsumbua yeyote.

Kila jina lipewe mtu mmoja. Azungumze na mwanafunzi huyo dakika 2 kwa siku, siku 10 za masomo mfululizo, bila kugusia masomo wala makosa. Siku za mwanzo majibu huwa ya mkato. Hapo ndipo wengi huacha, na mtoto anaachwa tena. Mtu mzima huyo asiahidi kutunza kila siri, kwani habari ya kudhuriwa lazima imfikie mshauri wa wanafunzi. Orodha iondolewe ukutani siku hiyohiyo ya kuweka alama. Rudieni zoezi kila muhula.